Barua ya wazi kwa wakubwa wa chuo: sisi si wapishi wa grajuesheni

Kwa wakubwa wa chuo chetu, na kwa waheshimiwa wanaopanga nafasi za kazi kwenye kaunti na serikali kuu, na kwa yule bwana wa protokali ambaye mwaka wa tatu huu bado aniita "kijana wa sufuria",

Assalam aleikum na poleni na kazi. Jina la chuo sitaji, mwajijua wenyewe, na mimi bado nataka kumaliza digrii yangu kwa hivyo jina langu pia mtanisamehe. N'nasoma sayansi ya familia na watumiaji, mwaka wa tatu, ile kozi ambayo wengine wenu mwaiita homu sayansi na wengine mwaiita "ile ya kupika". Mimi ni mwanamume, nasema mapema manake najua swali hilo laja, kila mtu hulianzia hapo, hata askari wa geti siku ya kwanza aliniuliza kama nimepotea njia ya kwenda injinia.

Kilichonifanya niandike ni ile shughuli ya mwezi uliopita. Mlikuwa na wageni, na wageni ni baraka, sina neno. Lakini saa kumi na moja alfajiri tukaanza kupigiwa simu mmoja mmoja tuje na aproni, na si kwa darasa, ni kwa kupika. Pilau ya watu mia tatu, kachumbari, mahamri ya chai ya saa nne, juisi ya ukwaju. Siku hiyo tulikuwa na kat, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, ya lishe ya jamii na ikasongeshwa hivo hivo bila hata kuulizwa, na mpaka naandika hapa bado hatujaifanya. Sasa genereta ilipozima saa saba mchana, mbona hamkuwaita wenzetu wa injinia waje waitengeneze kama sehemu ya "kujitolea kwa chuo"? Aliitwa fundi kutoka mjini, akaja na kijana wake, akalipwa palepale. Sisi tulipewa soda na cheti cha shukrani, kimoja, cha idara nzima, kimetundikwa pale ukutani karibu na fyuzi.

Na zile sufuria mlizoziona zikipendeza vile zilikodishwa Majengo. Maabara yetu ya chakula haina sufuria inayozidi wali wa watu sita. Majiko yako manane, yanayowaka matatu, na moja katika hayo matatu likiwashwa laguna kama mzee aliyeamshwa usingizini kwa hivyo hatuligusi. Gesi twachanga, shilingi hamsini kila mtu kila wiki ya praktiko. Oveni themostati imekufa tangu kabla sijaingia, ukiweka mkate wa sinia wajua tu kwa kunusa. Mizani ipo ila betri zake hutolewa na mtu akaenda nazo kwenye rimoti, sisemi nani. Themomita ya chakula ni moja na ni ya lekchara mwenyewe, huja nayo kwa mkoba na huondoka nayo kwa mkoba, na Mungu ampe maisha marefu yule mama kwa sababu bila yeye hii kozi ingekuwa ni kunakili slaidi tu.

Sasa niwape mfano mmoja wa kitu tunachosoma, muone kama ni "kupika".

Mamangu huuza mahamri na mbaazi Kisauni, miaka na miaka, ndizo zilizonilipia karo ya sekondari. Mbaazi zake n'likuwa nazijua kwa kitu kimoja, kwamba haziivi. Analoweka usiku, anainjika alfajiri, na makaa yaingia kopo baada ya kopo. Yeye akisema ni mbaazi za siku hizi, majirani wakisema ni mkono. Muhula wa pili mwaka wa kwanza tukafundishwa habari ya maji magumu, kwamba maji yenye kalsiamu nyingi hukaza pektini iliyo kwenye kuta za seli za mbegu, na pektini ndiyo gundi inayozishikilia zile seli, ikishikana na kalsiamu badala ya kulainika yakataa. Nikakaa pale darasani kama nimepigwa kofi. Manake sisi Mombasa twaishi juu ya mwamba wa matumbawe, hili jiwe letu la chokaa tunalojengea nyumba ndilo hilo hilo maji ya kisima yanapitia, na mamangu miaka yote alitumia maji ya kisima.

Nikataka kujaribu kwenye maabara, sufuria mbili, maji ya bomba na maji ya kisima, moto sawa, mbaazi za gunia moja. Maabara gesi ilikuwa imekwisha. Kwa hivyo nikafanyia nyumbani kwa mamangu na majiko mawili ya makaa, saa ya simu, na daftari. Za maji ya bomba ziliiva kitambo, za kisima zikaongeza karibu saa nzima juu yake na bado ukizibana kidoleni zina kiini. Mamangu akanyamaza kidogo halafu akauliza dumu la maji ya bomba la mkokoteni ni ngapi. Shilingi thelathini. Kopo la makaa ni ngapi. Mia. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hainjiki mbaazi na maji ya kisima, na asubuhi huamka baadaye kuliko zamani, na hicho kisima ni cha kufulia tu.

Na mtu ataniambia si angetia magadi tu kama wanavyotia wengine. Angetia, na zingelainika, lakini magadi yaua vitamini B1 iliyo kwenye hizo mbaazi, na mbaazi kwa watu wengi wa mtaani kwetu ndiyo nyama yao. Hilo pia ni la darasani. Hivyo ni kemia, ni uchumi wa nyumba, ni lishe, ni afya ya mama anayevuta moshi kila alfajiri, vyote ndani ya sufuria moja ya mbaazi, halafu mtu aja anambia nimeenda chuo kusomea kupika.

Wenye hii taaluma wenyewe walianza na maji, kwa taarifa yenu. Ellen Swallow Richards, mwanamke wa kwanza kupewa digrii pale MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, ilikuwa 1873 na ilikuwa ya kemia si ya mapishi, kazi iliyomjengea jina ni kupima maelfu ya sampuli za maji ya jimbo la Massachusetts. Huyo ndiye aliyewakusanya wenzake pale Lake Placid, huko huko Marekani, 1899 wakaanza kuuliza mbona sayansi yaingia kiwandani na shambani lakini yaishia mlangoni mwa nyumba, na 1908 wakaunda chama chao akawa rais wa kwanza. Chama hichohicho 1994 kikabadilisha jina, kikatoa lile la uchumi wa nyumbani kikaweka sayansi ya familia na watumiaji, na sababu kubwa ilikuwa ni hii hii yangu, walichoka kuambiwa ni mambo ya keki na kushona. Yani wao walichoka zaidi ya miaka thelathini iliyopita, sisi bado twaitwa na aproni.

Nyinyi mmelibadilisha jina pia kwenye broshua, nawapa hongera, limepigwa rangi vizuri. Lakini mlango wa maabara bado umeandikwa JIKO.

Haya tuje kwa watumiaji, kwa sababu hilo neno kwenye jina la kozi hakuna anayeliangalia. Katiba yetu kifungu cha 46 chasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa na haki ya kupewa habari za kutosha kuzihusu, na sheria ya kuwalinda watumiaji ipo tangu 2012. Sasa nenda Biashara Street siku ya kununua leso uone. Leso ya pamba na leso ya poliesta zapangwa pamoja, zote "pamba safi dada yangu", na joto hili letu la Mombasa la jasho mpaka usiku wa manane, mtu ajifunga poliesta mwili wawasha hajui sababu. Sisi twafundishwa kuchomoa uzi mmoja wa ukingoni ukauwasha, wa pamba waungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi, wa poliesta wajikunja, wayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ni sekunde tano. Bibi yangu nilipomuonyesha alikuwa na jozi kumi na moja kwenye sanduku akataka zote zichomwe uzi, na saba zikatoka poliesta, nikajuta kumfundisha kwa sababu mbili kati ya hizo zilikuwa zawadi ya ami yangu na ugomvi wake bado haujaisha.

Au mikopo ya simu. Kwenye yuniti ya fedha za familia tulipewa kazi ya kukaa na familia moja mwezi mzima kuandika kinachoingia na kinachotoka. Mimi n'likaa na jirani yetu, dereva wa tuktuk. Mtu akopa elfu tano ameambiwa atarudisha 5,750 baada ya siku thelathini na anaona ni mia saba tu na hamsini, si kitu. Ni asilimia 15 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180 na hapo bado hujahesabu riba juu ya riba, na yeye alikuwa nayo mitatu, mmoja walipa mwingine. Benki Kuu ilitoa kanuni za hawa wakopeshaji wa kidijitali 2022 na ni vizuri, lakini kanuni haiendi kukaa na mtu kwenye mkeka ikamchorea kwa kalamu. Mtu wa kozi yetu huenda. Nilimchorea, akaniangalia, akasema "kwa hivyo mimi nafanya kazi ya hawa watu si yangu". Alianza kulipa ule mdogo kwanza. Sijui kama amemaliza, siku hizi akiniona hupiga honi tu akapita, sijui ni salamu au ni kunikimbia.

Na sijagusa watoto bado. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 wasema asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kilifi, hapa ng'ambo ya Mtwapa tu, ni 37, ndiyo kaunti ya kwanza kwa Kenya nzima, na si jambo la kujivunia. Mtoto hadumai kwa sababu tu mamake hana chakula, wakati mwingine chakula kipo, mchicha upo, dagaa wapo, lakini mchicha washushiwa na chai ya rangi palepale na chai yazuia ile chuma isiingie mwilini, au uji ni wa mahindi matupu mwaka mzima, au muhogo haukulowekwa ukakaushwa vizuri, au mahindi yamewekwa chini kwenye sakafu yenye unyevu yakaota kuvu. 2004 watu zaidi ya mia walikufa kwa sumukuvu, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi waliyoyalima na kuyaweka wenyewe. Haya yote kuna watu wanafundishwa miaka minne jinsi ya kuyazuia, nyumba kwa nyumba, kwa lugha ya mtu wa nyumba ile. Watu hao ni sisi. Na siku ya watu kuhesabiwa kwa kazi sisi hatuko.

Nasema hatuko kwa maana ya hatuko kabisa. Dada mmoja aliyetutangulia, alimaliza vizuri sana, aliniitia laptopu yake nimsaidie kutuma maombi kwa ofisi moja ya umma iliyokuwa yatafuta maafisa wa jamii. Kuna kile kisanduku cha kuchagua digrii yako, wabonyeza chashuka orodha ndefu. Tukashuka tukapanda. Kuna usimamizi wa hoteli, kuna sosiolojia, kuna mpaka digrii za vitu ambavyo sikujua vyasomewa. Yetu haiko. Akachagua "nyinginezo", mfumo ukamkataa kabla hata hajaweka cheti. Sa hii auza abaya mtandaoni, na aziuza vizuri, ukimuuliza atakwambia ni kitambaa gani na kitachukua jasho vipi, lakini hakusomea hilo peke yake.

Atachimenti, yale mazoezi ya kazini, ndiyo usiseme. Mimi nilipelekwa hoteli moja ya ufukweni huko kaskazini, wiki nane, barua ya chuo yasema wazi "tathmini ya usalama wa chakula", nikamenya viazi. Wiki nane. Niliomba kuangalia mafuta ya kukaangia hubadilishwa baada ya muda gani, mkubwa wa jiko akanambia nimekuja kusoma au nimekuja kupeleleza. Mwenzangu alienda hospitali, huko wakamwambia bila usajili wa wataalamu wa lishe hagusi mgonjwa, na wana haki, sheria ya wataalamu wa lishe ipo tangu 2007 na inalinda wagonjwa. Lakini chuo mwalijua hilo kabla ya kumpeleka. Alikaa wiki nane akipanga faili. Siku ya asesmenti lekchara aliyekuja hakuwa wa idara yetu, alitumwa tu kwa sababu alikuwa na gari, akauliza "kwa hivyo mmejifunza kupika nini?"

Na kejeli yenyewe yaja hapa. Kwenye mtaala huu mpya wa sekondari ya juu, Sayansi Kimu imewekwa kwenye njia ya STEM, yani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, pamoja na kilimo na kompyuta, chini ya sayansi tumizi. Mtoto wa Gredi 10 anaweza kuichagua na kuambiwa na serikali kwamba hii ni sayansi. Atakuja kwenu miaka mitatu baadaye na mlango utamwambia JIKO. Na huyo mwalimu wa kumfundisha atatoka wapi kama si kwenye darasa letu, ambalo sasa tuko kumi na tisa, tulianza thelathini na mbili, wengine wakahamia kozi zenye "jina"? Mmoja alihamishwa na babake kwa nguvu, alikuwa ndiye mkali wetu wa vitambaa.

Kwa hivyo ninachotaka, na sitaki kikao cha kamati kitakachotuita tena tukipikie chai. Nataka maabara ifanye kazi. Si maabara ya Ulaya, majiko manane yawake yote, themostati ibadilishwe, mizani, themomita hata tano tu, kipimo cha ugumu wa maji ambacho ni vijikaratasi na si ghali. Ile pesa mliyokodishia mahema siku ya wageni ingetosha na chenji ikabaki. Nataka barua za atachimenti ziende mahali panapohusika, vituo vya afya vya mitaani, ofisi za kulinda watumiaji, vyama vya akiba vya kina mama, viwanda vya nguo vya EPZ, vile vya kushona nguo za kuuza nje ya nchi, ambavyo viko hapa hapa Mombasa, na anayekuja kutukagua awe ajua anakagua nini. Na nyinyi wa nafasi za kazi, ongezeni mstari mmoja kwenye kile kisanduku. Mstari mmoja tu jamani, hata mwanafunzi wa kompyuta aweza kuwaongezea, mtampa soda.

Kuna kitu bibi yangu alinambia nilipochaguliwa hii kozi, n'likuwa nalia kidogo kwa kweli, nilitaka ubaharia. Yeye alikuwa somo, wa zamani, aliyefunda maarusi wengi wa hapa Mji wa Kale mpaka Kuze. Akanambia zamani mtu hakuolewa mpaka somo aseme yuko tayari, na somo halipwi kwa asante, apewa leso zake, apewa pesa yake, akapewa na heshima yake siku ya saba. Akasema watu huchekea kazi ya nyumbani mpaka nyumba iwashinde. Halafu akaniuliza huko chuoni nitalipwa leso ngapi. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina, ila najua cheti kimoja cha idara nzima si jibu.

Nasikia grajuesheni ya mwisho wa mwaka mwataka pilau tena, na mahamri. Sisi siku hiyo tutakuwa tumevaa majoho kama wengine, au tumekaa na wazazi wetu tukipiga picha. Mamangu yupo, Kisauni, apika kwa watu hata mia tano. Achukua nusu kabla, risiti anaandika, na maji ya mbaazi ni ya bomba.

Mwanafunzi wenu wa mwaka wa tatu,
Mombasa